Sigaa ya mkesha wa Mwaka Mpya

Nunua siku chache kabla, na usiiweke kwenye friji, itakauka. Sigaa hupenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, kabatini mbali na jua, unatosha. Ibonyeze kidogo: nzuri hunepa na kurudi, iliyokauka hulia kama jani la kiangazi.

Kata ncha ya kichwa tu, milimita 2 hivi, kwa kisu kikali. Ukizidisha, jani la nje litafumuka mdomoni.

Kuwasha ndiko wengi hukosea. Kiberiti cha petroli huacha harufu yake kwenye tumbaku, kwa hiyo tumia cha njiti au cha gesi. Njiti ikiwaka, subiri baruti iishe. Shika mwali chini ya ncha ya pili bila kuigusa, huku ukiizungusha polepole mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Hapo ndipo uvute.

Moshi usiumeze. Pafu moja kwa dakika linatosha, na sigaa ya wastani huchukua karibu saa nzima. Ndiyo maana inataka watu: mketishe katikati mjomba mwenye hadithi za zamani, kahawa iwe karibu. Kuleni pilau kwanza, maana tumbo tupu huleta kizunguzungu.

Kaeni uani, mbali na watoto, wajawazito na bibi mwenye pumu. Sigaa huleta saratani hata kwa asiyemeza moshi, basi asiyevuta asishawishiwe kamwe. Ikibaki theluthi, iache kwenye kisahani izimike yenyewe. Ukiisaga, itanuka hadi asubuhi.