DINI NA DALILI KATIKA INSHA YA MWANAFUNZI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Somo hili ni katika jambo linalowapata vijana wa Kiislamu waingiapo vyuoni. Kijana huandika aya katika insha yake, mwalimu akaipiga mstari, na kijana akadhani kwamba dini yake imekataliwa. Yapasa kujua ni lini dhana hiyo ina haki, na ni lini haina.

MITHALI YAKE

Lushoto, katika milima ya Usambaa, pana Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1998. Humo hufundishwa sheria kwa watu wa dini zote. Na milima yenyewe ina dini mbili: Uislamu ulipanda kutoka pwani, na wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Basi Mkristo kusahihisha insha ya Mwislamu, au Mwislamu ya Mkristo, si jambo geni huko.

Na ichukuliwe kwamba wanafunzi wamepewa suala hili: Msambaa wa Mlalo amekufa, akaacha mke mmoja, binti mmoja, na ndugu mmoja wa kiume kwa baba na mama. Ndugu adai kwamba shamba ni la ukoo, na kwa desturi ni lake peke yake. Mjane asema kwamba marehemu alikuwa Mwislamu, na mali igawiwe kwa sharia. Haki ni ya nani?

Mwanafunzi akaandika kurasa tatu. Akataja aya ya 11 na ya 12 za Suratu Nnisaa, akagawa mafungu 8 bila ya kosa: mke 1, nayo ni thumni, binti 4, nayo ni nusu, na 3 yaliyobaki ni ya ndugu kwa uasaba. Kisha akakhitimisha kwamba mwenye kupinga hayo amempinga Mungu. Mwalimu akaandika pambizoni: "Ushahidi u wapi?"

JAWABU

Mwalimu hakuikataa aya. Mwanafunzi amejibu suala ambalo hakuulizwa. Ndugu wa marehemu hakusema kwamba Kurani haimpi mke thumni; alisema kwamba mali hii haihukumiwi kwa Kurani. Hapo ndipo penye ugomvi, na hapo mwanafunzi hakuandika hata mstari mmoja.

Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1961 juu ya matumizi ya sheria yaruhusu mahakama kuwahukumu Waislamu kwa sharia yao katika mirathi na wakfu. Lakini desturi nayo ina nafasi yake, na mahakama hutazama makusudio ya marehemu na mwenendo wa maisha yake. Je, alifunga nikahi? Alisali pamoja na watu? Alisema nini juu ya mali yake, na mbele ya nani? Aliacha wasia? Hayo huthibitishwa kwa mashahidi na karatasi. Aya haiwezi kusimama mahali pa shahidi, kwani aya ni hukumu, na shahidi ni wa tukio.

Wala hili si la Kizungu. Kadhi naye haanzi kwa kugawa. Huthibitisha kifo, akawajua warithi, akalipa madeni, akatoa wasia usiopita thuluthi, ndipo agawe. Na kanuni ya sharia ni kwamba bayana ni juu ya mwenye kudai. Aya ya 282 ya Suratu Lbaqara imewaamrisha Waislamu kuandika deni na kuweka mashahidi, ingawa wote wawili ni waumini. Basi mwalimu aliyeuliza ushahidi ameuliza lile ambalo kadhi angeliuliza.

HUENDA MTU AKASEMA

Huenda mtu akasema: Ikiwa ni hivyo, kheri kijana aiache dini nje ya insha. Jawabu: La. Huo ni upotofu wa pili, nao si mdogo kuliko wa kwanza. Likithibiti kwamba marehemu aliishi Kiislamu, aya ndiyo sheria yenyewe, na insha isiyoitaja ni pungufu. Na mwalimu aipigaye mstari kwa sababu tu ni aya, amekosa uadilifu wa kazi yake. Hapo dhana ya kijana ina haki. Yampasa mwalimu aulize: imewekwa mahali pake? Asiulize: imani hii ni ya nani?

Kitabu cha Habari za Wakilindi kilitungwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, Mwislamu, nacho kikapigwa chapa na wamisionari wa Magila. Mtungaji amesimulia habari za Mbegha na uganga wake, asiufanye uganga kuwa itikadi yake. Na wamisionari walichapa maneno ya mtu asiye wa dini yao. Kila mmoja alijua mpaka wa kazi yake.

FAIDA

Aya katika insha ina mahali patatu. Kwanza, kuwa hukumu, pale sharia inapothibiti kuwa ndiyo ihukumuyo. Pili, kuwa khabari ya yale watu wayaaminiyo, na hapo huelezwa kwa uaminifu, hata zikiwa ni itikadi za wengine. Tatu, kuwa mwongozo wa nafsi ya mwandishi, asiseme uwongo wala asimdhulumu khasimu. Na hapa pa tatu ni moyoni, si karatasini.

Mwenye kusoma na azingatie mwisho wa jambo hili. Mwanafunzi wa leo huenda kesho akaandika shauri la mjane wa kweli katika mahakama ya mwanzo, na hakimu akawa si Mwislamu. Akijaza aya, akasahau kuleta mashahidi wa nikahi, mjane atakosa thumni yake na binti nusu yake, na shamba litakwenda lote kwa ndugu. Mungu hakupungukiwa na kitu. Waliopungukiwa ni mayatima. Na aliyewapoteza si adui wa dini, bali ni mpenzi wake asiyejifunza kuthibitisha.

Mwenyezi Mungu awape vijana wa Kiislamu elimu yenye manufaa, na kalamu yenye uadilifu. Amin. Wallahu aalam.