BIBI AMEPUNGUA: NI UZEE AU NI NJAA?

Shuleni umejifunza lishe ya mtoto na lishe ya mama mjamzito. Vizuri sana. Lakini je, umewahi kujifunza lishe ya babu na bibi? Wengi watajibu hapana. Mtoto akikonda, mtaa mzima unasema apelekwe kliniki. Bibi akikonda tunasema, "Aa, huo ni uzee tu." Basi somo letu la leo ni hilo "uzee tu". Mara nyingi si uzee. Ni njaa iliyojificha, na njaa hiyo ina dawa.

Wazee wetu wako wapi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katika sensa ya mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na wazee wapatao milioni 2.5. Wengi huishi nyumbani, na wengine ndio wanaolea wajukuu. Labda hata wewe unalelewa na bibi.

Wapo pia wasio na mtu. Kwa ajili yao serikali ina makazi ya wazee katika mikoa mbalimbali, kama Kolandoto kule Shinyanga, Ipuli Tabora na Bukumbi Mwanza. Baadhi yalianza zamani kama kambi za wagonjwa wa ukoma. Hapa kwetu Kigoma yapo Kibirizi, upande ule ule wanakopandia boti za kwenda Gombe. Sera inasema familia ndiyo yenye jukumu la kwanza la kumtunza mzee, na makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo haya tunayojifunza yanafaa kote, makazini na nyumbani kwenu Ujiji, Mwanga au Kasulu.

Mwili wa mzee unabadilikaje?

Hebu tuangalie mambo matano.

1. Misuli hupungua. Ukifika uzeeni mwili unahitaji protini zaidi kidogo kwa kila kilo ya uzito ili kulinda misuli iliyobaki. Misuli ikiisha, mzee anaanguka. Akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na wengi wakivunjika nyonga hawatembei tena kama zamani.

2. Meno hutoka na mate hupungua. Ndizi choma na nyama ngumu havitafuniki. Mzee anasema ameshiba, kumbe amechoka kutafuna.

3. Ulimi na pua hupoteza makali. Chakula hakina ladha, hamu inakwenda.

4. Kiu hupotea. Huyu ni adui wa kimya kimya! Mwili unakauka lakini mzee hasikii kiu.

5. Tumbo hufanya kazi polepole. Vitamini nyingine, kama B12, hazifyonzwi vizuri. Kukosa choo nako kunakuwa tatizo la kila wiki.

Ongeza upweke. Mtu anayekula peke yake kila siku hula kidogo. Hilo utaliona hata kwako mwenyewe: ukiwa na wenzako sinia linaisha, ukiwa peke yako unabakiza.

Tupige hesabu

Wataalamu wanashauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tuseme bibi ana kilo 50. Anahitaji gramu 50 hadi 60.

Sasa tazama sahani ya bibi wengi. Asubuhi chai ya rangi na muhogo. Mchana ugali wa muhogo na mchuzi. Jioni vivyo hivyo, na dagaa amewaachia wajukuu, maana "watoto ndio wanakua". Unga wa muhogo, gramu 100 zake zina protini isiyozidi gramu 2 hivi. Hata akila gramu 300 kwa siku, hafikishi gramu 10! Tumbo limejaa, mwili una njaa. Ndiyo maana tunaiita njaa iliyojificha.

Tubadilishe sahani hiyo hiyo kwa vyakula vya hapa hapa:

- Uji wa unga wa mahindi uliochanganywa na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa: kama gramu 9.
- Maharage makavu gramu 60, yakapikwa mpaka yalainike: kama gramu 13.
- Dagaa wakavu gramu 40: kama gramu 20.
- Yai moja: gramu 6.
- Ugali wa muhogo kwa siku nzima: kama gramu 4.

Jumlisha. Unapata 52. Bibi amefika! Wala hatukwenda kununua chochote kutoka mbali.

Hazina ya Tanganyika

Dagaa wa Kigoma huliwa mzima, na mifupa yake. Kwa hiyo pamoja na protini mzee anapata kalsiamu ya kulinda mifupa. Kama hana meno, ondoa mchanga, osha, kausha tena, kisha twanga mpaka upate unga. Kijiko kwenye uji au kwenye mboga, na hakuna kutafuna. Migebuka iliyotiwa chumvi iloweke na umwage maji kabla ya kupika, kwa sababu chumvi nyingi humwongezea mzee shinikizo la damu.

Najua utaniuliza, "Je, dagaa wakiadimika?" Swali zuri. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu. Tena mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Basi weka akiba ya unga wa dagaa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na siku za ukata egemea maharage, karanga na mayai.

Mawese mekundu nayo yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kwa ajili ya macho na ngozi. Lakini ukiyachemsha hadi rangi ipotee, umeichoma faida hiyo. Tena yasizidi, kijiko kimoja au viwili kwenye isombe vinatosha. Kwa matunda chagua laini: papai, embe lililoiva, ndizi mbivu, parachichi. Haya pia husaidia choo.

Angalizo: mzee mwenye ugonjwa wa figo, moyo au kisukari afuate ushauri wa daktari wake kuhusu kiasi cha protini, maji na sukari.

Maji kidogo, makosa makubwa

Mzee mwenye afya anahitaji vikombe 6 hadi 8 vya vinywaji kwa siku, pamoja na uji na chai. Wengi hawafiki. Sababu moja hatuizungumzi: choo kiko mbali, usiku kuna giza, anaogopa kuanguka. Kwa hiyo anaacha kunywa kuanzia mchana. Usimgombeze. Tafuta ndoo ya usiku yenye mfuniko, weka tochi karibu na kitanda, mpe vinywaji vingi asubuhi na mchana.

Mwili wa mzee ukikauka, mkojo unakuwa wa rangi nzito, midomo inakauka, kichwa kinazunguka. Kisha anaweza kuchanganyikiwa ghafla. Anatoka nje usiku wa manane, anaongea peke yake, hamtambui mwanawe. Maambukizi ya njia ya mkojo, malaria au sukari kushuka pia huleta hali hiyo.

Hapo ndugu msomaji, tuwe wakweli. Jirani atasema nini akimwona bibi nje usiku? Mkoa wetu unazijua habari za kamchape, watu wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi. Wazee wamedhalilishwa na kufukuzwa kwenye nyumba zao. Hata macho mekundu ya moshi wa kuni hugeuzwa ushahidi! Bibi aliyechanganyikiwa ghafla ni mgonjwa. Anahitaji zahanati siku hiyo hiyo. Wewe uliyesoma ndiye wa kusema hivyo kwa sauti pale nyumbani, kabla maneno hayajaenea mtaani.

Utajuaje kwamba mzee anapungukiwa?

Huhitaji mashine. Fanya hivi, lakini kwanza omba ruhusa yake kwa heshima.

- Mpime uzito kila mwezi na uandike. Akipoteza sehemu moja ya kumi kwa miezi 6, mfano kutoka kilo 50 hadi 45, bila kukusudia, apelekwe kwa mganga.
- Pima kigimbi, yaani shavu la mguu, kwa futi ya fundi cherehani. Akae, nyayo ziguse chini, pima pale palipo panene zaidi. Ikiwa chini ya sentimita 31 ni dalili ya hatari. Mguu uliovimba hudanganya, huo usiupime.
- Tazama nguo na pete. Zimelegea?
- Muulize jana alikula nini. Usiulize "umeshiba?" maana atajibu ndiyo ili asikusumbue.

Mkienda kuwatembelea wazee

Tarehe 1 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1990. Klabu nyingi za shule huenda makazini siku hiyo na soda, biskuti na pipi. Nia ni njema, lakini mzee mwenye kisukari atafanya nini na katoni ya soda? Fanyeni hivi:

1. Waulizeni walezi wiki moja kabla, nini kinahitajika. Mara nyingi mtaambiwa maharage, mayai, karanga, sabuni, matunda.
2. Aliye na mafua abaki nyumbani. Wengine nawe mikono kwa sabuni.
3. Amkieni vizuri. Shikamoo moja moja, si ya jumla kama mkutanoni.
4. Kaeni mle nao. Hilo ni muhimu kuliko hotuba.
5. Msipige picha bila ruhusa. Mzee si maonyesho.
6. Rudini tena. Mwezi wa pili na wa tatu hakuna mgeni, na njaa ipo.

Haki zao

Wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Ulizia dirisha la wazee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Pesa kidogo mkononi mwa mzee hununua mayai.

Maswali ya kujipima

1. Babu ana kilo 60. Anahitaji gramu ngapi za protini kwa siku?
2. Taja sababu mbili za mzee kunywa maji kidogo.
3. Jirani anasema bibi fulani ni mchawi kwa sababu amechanganyikiwa tangu jana. Utamjibu nini?

(Jibu la swali la 1: gramu 60 hadi 72. La 2 na la 3 yajadilini klabuni.)

Kazi ya nyumbani: leo jioni tazama sahani ya mzee wenu. Kama dagaa wote wako kwenye sahani yako, unajua la kufanya.