Ramani ya Moto Ianzie Getini: Vidokezo kwa Wenye Majengo Mwanza

Siku hizi kuna programu ambazo unachora humo jengo lako zima. Unabonyeza chumba, unaambiwa kina nini. Unawasha moto wa kubuni stoo, unaona moshi unakwenda wapi. Wauzaji wakija nazo maofisini huonyesha picha za kuvutia, na meneja huitikia kwa kichwa. Swali langu huwa moja: saa nane usiku, umeme umekatika, nani ataishika hiyo programu? Meneja atakuwa amelala kwake Buswelu. Atakayekuwepo ni mlinzi wa zamu. Vidokezo hivi vimeandikwa kwa kumfikiria yeye, na vinafaa kwa kiwanda cha samaki, shule ya bweni, hoteli ya Capri Point au jengo la fremu katikati ya mji.

1. Jaribu za bure kwanza

QGIS haina ada na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Unaweka picha ya kiwanja chini, juu yake unapanga matabaka: majengo, milango, umeme, maji, watu. Kwa simu kuna KoboCollect, inayokusanya taarifa bila intaneti na kuzituma baadaye. Barabara na mitaa utaipata kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuiongezea. Wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam waliitumia kuanzia 2015 kuchora mitaa inayofurika, katika mradi wa Ramani Huria, kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa kazi hii ni ya wataalamu kutoka ng'ambo tu. Za kulipia zina faida zake, hasa kwa hospitali au kiwanda kikubwa, lakini utajua unachohitaji ukishahangaika na ya bure miezi michache.

2. Chora kwa miguu

Mchoro uliopitishwa na halmashauri unaonyesha jengo lilivyokusudiwa. Jengo lilivyo leo lina kontena mbele ya mlango wa dharura, stoo iliyogeuzwa chumba cha kulala, na waya uliovutwa na fundi ambaye hakuna anayemkumbuka jina. Zunguka na simu. Piga picha, weka alama: meni swichi, jenereta na madumu ya dizeli, betri za sola, mitungi ya gesi ya mama lishe, vizima moto na tarehe vilipokaguliwa, na kila kufuli. Kando ya kila kufuli andika ufunguo unakaa kwa nani. Kama huna muda wa kuweka kitu kingine chochote kwenye ramani, weka makufuli.

Kwa shule za bweni hili si la hiari. Septemba 14, 2020 moto uliua wanafunzi 10 katika bweni la shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Kabla yake nchi ilishalia kwa moto wa mabweni ya Shauritanga mwaka 1994 na Idodi mwaka 2009. Bweni lichorwe na vitanda vyake, madirisha yenye nondo yapakwe nyekundu, kisha uulize: mlango ukizibwa na moto, mtoto wa kitanda cha kona atatokea wapi? Jibu likiwa "hana pa kutokea", acha kusoma hapa, mwite fundi wa kuchomelea aje akate nondo.

3. Gari la zimamoto litapita wapi?

Mwanza ni mji wa mawe. Picha ya setilaiti itakuonyesha njia inayopanda mlima Mabatini, ila haitakwambia kuwa njia ile ni ngazi. Pima upana pale panapobana zaidi, tazama nyaya zinazoning'inia na kalavati zilizobomoka. Andika na saa: mtaa wa Makoroboi saa nne asubuhi, meza za machinga zikiwa zimepangwa, si mtaa ule wa saa nne usiku. Programu nzuri hukuruhusu kuweka njia mbili zenye masharti tofauti. Isipokuruhusu, weka matabaka mawili.

Na maji je? Hapo watu wetu hujibu haraka: ziwa si lile pale! Ziwa lipo, lakini gari litaegesha wapi? Pampu inahitaji kusogea karibu, na ufuko wetu una miamba, matope, matete na magugu maji yanayohamahama na upepo. Isitoshe, ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja. Mei 2020 lilipanda kupita rekodi iliyowekwa 1964, nyumba na hoteli za ufukweni zikaona maji yakiingia uani. Mahali pa kuchotea palipowekwa alama wakati maji yako chini huenda leo hapafikiki, pamoja na lile eneo la kukusanyika mlilolichagua kwa sababu ya kivuli na upepo. Kila baada ya masika, nenda ukaone kwa macho.

4. Moshi kwanza, picha baadaye

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2000 programu iitwayo Fire Dynamics Simulator, ambayo mpaka leo ni ya bure. Hukokotoa joto na moshi unavyosafiri kutoka chumba hadi chumba, na mwenzake Smokeview huuonyesha ukitambaa darini. Inataka mhandisi na uvumilivu, maana kompyuta inaweza kukoroma usiku kucha kwa dakika chache tu za moto. Kwa ukumbi mkubwa au jengo lenye ghorofa nyingi inafaa. Kwa ghala la mitumba, okoa fedha zako ukanunue vitambua moshi.

Jambo la kuangalia: programu huamini ulichoiambia. Ukichora mlango wa nyuma uko wazi, watu wote watatoka salama kwenye skrini, hata kama mlango huo hufungwa kwa mnyororo kila saa kumi na mbili jioni ili bidhaa zisitoroke. Rudia hesabu mlango ukiwa umefungwa. Kisha mpelekee mwenye mnyororo matokeo yote mawili.

5. Wenye mitambo ya baridi, zungumzeni na upepo

Kidokezo hiki kina urefu wake, na kuna sababu. Viwanda vya minofu ya sangara vinaishi kwa baridi, na mitambo mikubwa ya kugandisha mara nyingi hutumia amonia. Kama wewe ni miongoni mwao, moto si hofu yako peke yake, kwa kuwa bomba likipasuka wingu linaweza kuvuka ukuta na kuwafikia majirani. Amonia kwa asili ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikitoka ghafla ikiwa kimiminika baridi hutambaa chini kwanza, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani imekwishapaa.

Kuna programu ya bure, ALOHA, iliyotengenezwa na taasisi mbili za serikali ya Marekani, NOAA na EPA. Unaiambia tangi lina ujazo gani, tundu ni kubwa kiasi gani, upepo unavuma kutoka wapi na kwa kasi gani. Inakuchorea maeneo matatu: jekundu, la chungwa, la njano. Kwa amonia, jekundu kwa kawaida huanzia kwenye sehemu 1,100 kwa kila milioni ya hewa kwa mtu atakayeivuta saa nzima, kiwango kinachoweza kuondoa uhai. Matokeo unaweza kuyaweka juu ya ramani yako na kuona shule ipi iko ndani ya njano.

Sasa tahadhari, na hii ni ya Mwanza hasa. ALOHA hudhani ardhi ni tambarare na upepo haubadili mwelekeo. Sisi tuna vilima na mawe makubwa kama nyumba, na upepo wetu una ratiba: mchana huja kutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Kwa hiyo usichore wingu moja. Chora la saa nane mchana na la saa nane usiku, uweke maeneo mawili ya kukusanyika, moja kila upande, na mlinzi afundishwe kutazama bendera au kitambaa kilichofungwa juu ya paa kabla ya kuwaelekeza watu. Kitambaa hakihitaji bando.

Halafu fuata mitaro. Maji yanayonyunyizwa kulikata wingu huondoka na amonia, na mtaro ukiishia ziwani utaua samaki walewale wanaokulisha. Weka kwenye ramani mahali pa kuuziba.

6. Jua nani yumo ndani

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo idadi kamili ya waliokuwemo inabishaniwa. Majengo mengi mjini yanaendeshwa hivyohivyo: wa ajira ya kudumu wanajulikana, vibarua wa siku hawajulikani. Programu ya mahudhurio iunganishwe na ramani ya dharura, na kibarua aliyeingia saa moja asubuhi aonekane humo. Kama mnatumia daftari getini, sawa, ila ukurasa wa leo upigwe picha na kutumwa kwa msimamizi kabla ya saa mbili.

7. Pakua, chapisha, bandika

Mtandao ukiwa chini, ramani ya mtandaoni ni mapambo. Ihifadhi ndani ya simu ya getini, simu yenyewe iwe na chaji na isiwe ya mtu binafsi anayeondoka nayo. Kisha chapisha kurasa mbili: ramani, na majina na namba kwa mpangilio wa nani apigiwe kwanza. Namba ya kwanza ni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, haina malipo. Kuna walinzi wanaompigia bosi kuomba ruhusa ya kupiga 114. Andika kwa wino mzito kuwa ruhusa imeshatolewa.

8. Wape zimamoto ramani kabla hawajaihitaji

Turudi kidogo kwa MV Bukoba, kwa sababu ina somo lingine lenye uchungu. Meli ilikuwa imepinduka, sehemu ya tumbo ikiwa juu ya maji, na ndani walikuwemo watu hai waliosikika wakigonga. Chuma kilitobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa. Wakati wa dharura hakuna anayepata nafasi ya kusoma mchoro kwa mara ya kwanza, na maamuzi yale yanahitaji mtu aliyekwisha kukijua chombo siku tulivu.

Maafisa wa zimamoto wanapokuja kukagua kwa ajili ya cheti, usiwapeleke ofisini kwenye soda tu. Wazungushe na simu yenye ramani, waulize wangeingilia wapi, ukuta gani wasiubomoe, tangi gani lisimwagiwe maji. Watakachosema kiingize palepale mbele yao. Waachie nakala kituoni, na ukibadilisha jengo uwapelekee mpya.

9. Waingize wavuvi

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walinusurika. Mmoja wa wavuvi wale, kijana Majaliwa Jackson, baadaye alichukuliwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kama jengo lako linagusa maji, ramani yako isiishie ukutani. Weka mwalo ulio karibu, mitumbwi yenye injini hulala wapi, na namba ya kiongozi wao. Hoteli nyingi za ufukweni hukumbuka mvuvi pale wageni wanapotaka sato tu.

10. Si kila tabaka ni la kila mtu

Namba za wafanyakazi, na nani ana pumu au mimba, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mahali pa funguo na sefu pasiwekwe OpenStreetMap. Huko peleka barabara, geti na chanzo cha maji.

11. Fanya zoezi bila tangazo

Mazoezi yaliyotangazwa wiki nzima huhudhuriwa na watu waliovaa viatu vizuri. Chagua usiku wa zamu ndogo, zima meni swichi, mwambie mlinzi kuna moshi stoo, kisha nyamaza na saa mkononi. (Kituo cha zimamoto kiwe na habari mapema, na mashine za wagonjwa zisiguswe.) Andika alichukua muda gani kufikia ramani, alimpigia nani kwanza, ufunguo upi haukupatikana. Kesho yake kaa naye kwenye kompyuta mrekebishe pamoja, yeye akiwa ndiye anayeshika mausi. Akihamishiwa lindo jingine, mpya asipewe rungu na tochi kabla hajatembezwa kiwanja chote na ile simu, na kuweka sahihi kwamba amefungua kila kufuli kwa mkono wake.