Mikono Isiyoonekana Katika Sinema

Hapana shaka, wanafunzi, mmepata kutazama sinema. Mliwaona waigizaji, mkayasikia maneno yao, mkacheka nao au mkalia nao. Lakini je, mmepata kujiuliza ni nani aliyekiweka kiti pale kilipo, au ni nani aliyeichakaza kanzu ya yule maskini hata ikaonekana kuukuu?

Na tufanye mfano. Watengenezaji wa sinema wamepanga nyumba moja hapa Segerea, nao wataka ifanane na nyumba ya Dar es Salaam ya mwaka 1954, mwaka ule chama cha TANU kilipoanzishwa. Kabla ya mwigizaji yeyote kufika, mpambaji wa mandhari huingia pamoja na seremala na mpaka rangi. Tangi jeusi la plastiki huondolewa uani; dishi la televisheni hushushwa; mita ya umeme hufunikwa kwa ubao; madirisha ya alumini hufichwa nyuma ya mbao. Ukuta ulio mpya hupakwa maji ya masizi ili uonekane umezeeka. Ndiyo kazi ya pekee niijuayo ambayo mpaka rangi hulipwa kwa kuuchafua ukuta!

Kisha huja mtunza vifaa. Huyu hutafuta kila kitu kitakachoshikwa mkononi: kandili, mtungi, kata, na hata fedha. Mwigizaji akinunua samaki sokoni, hawezi kutoa shilingi yenye sura ya Mwalimu Nyerere, maana fedha za Tanzania zilianza mwaka 1966. Sharti ipatikane shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba upande mmoja na kichwa cha Mfalme George VI upande wa pili, au senti kumi yenye tundu katikati. Mzee mmoja akiliona kosa la namna hii, hataisadiki tena hadithi yote.

Mavazi ya waigizaji huitwa maleba, na kwa maoni yangu mtunza maleba ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Chukueni kanga. Haitoshi iwe ya rangi nzuri, kwa kuwa kanga husema. Mama aliyefiwa akivaa kanga yenye jina la kumsuta mke mwenziwe, watazamaji watacheka pale walipopaswa kulia.

Tena sinema haipigwi kwa utaratibu wa hadithi. Kijana hutoka mbio mlangoni, shati lake limechanika mkono wa kushoto. Sehemu ya ndani ya nyumba imepigwa Segerea siku ya Jumatatu. Sehemu ya njiani hupigwa Kariakoo siku ya Alhamisi. Shati likichanika mkono wa kulia siku hiyo, kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hiyo mtu mmoja hukaa kando na daftari, akiandika kila kifungo na kila doa.

Kazi kama hizi zilihitajiwa Unguja kwa sinema ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotolewa mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hadithi yake ni ya miaka ya 1950, ilhali Mji Mkongwe wa leo umejaa pikipiki na mabango.

Watu hawa husahauliwa upesi. Sinema ya Hatari! ilipigwa Tanganyika ikatolewa mwaka 1962, na wengi humkumbuka John Wayne. Wachache humjua Edith Head aliyesimamia mavazi, ingawa alipata tuzo 8 za Oscar katika maisha yake. Katika filamu nyingi za Dar es Salaam za miaka ya 2000 fedha zilikuwa chache, hata waigizaji wakaja na nguo zao wenyewe, na mtu mmoja akafanya kazi za watu watatu. Majina yao hupita mwishoni, maandishi madogo, wakati watu wanapotafuta viatu vyao.

Leo jioni tazameni chumba mnamolala, mkaandike ni vitu gani vingetolewa nje kama kingekuwa chumba cha mwaka 1954.