Mpira wa Mkojo Ukiziba Usiku

Katika ziara zetu vijijini, kutoka Diani hadi Msambweni, tunakuta wazee wenye ugonjwa wa tezi dume na wagema walioanguka mnazi wakaumia uti wa mgongo. Baadhi yao wamewekwa mpira wa mkojo.

Shida huja usiku: mfuko mkavu, tumbo la chini limefura, mzee analia. Jamaa mmoja anasema, "Uvuteni tu huo mpira!" La, jamani. Ndani ya kibofu mpira una kiputo cha maji, mara nyingi mililita 10, kinachouzuia usitoke. Mkiuvuta, njia ya mkojo itachanika. Wala msiukate.

Fanyeni hivi:

1. Naweni mikono kwa sabuni.
2. Fuateni mpira kutoka mwilini hadi mfukoni. Umejikunja? Mgonjwa ameulalia? Unyoosheni.
3. Mfuko ukijaa, mwageni mkojo. Uwekeni chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu.
4. Mkojo usipotoka bado, msisukume maji ndani ya mpira. Mpelekeni hospitali, msingoje asubuhi.

Aliyepooza. Huyu huenda asihisi tumbo kujaa. Dalili yake ni kichwa kumgonga ghafla, na jasho jingi usoni. Presha imepanda, na yaweza kuleta kiharusi. Msimlaze! Mketisheni wima, mlegezeeni nguo, angalieni mpira, kisha mkimbizeni kwa gari.

Njiani. Mfuko ufungwe mguuni, usining'inizwe begani, maana mkojo ukirudi ndani hubeba vijidudu. Chukueni kadi yenye tarehe aliyowekewa mpira.

Dalili nyingine za hatari. Homa na kutetemeka, mabonge ya damu, kuchanganyikiwa, au mpira kuchomoka. Uliochomoka msiurudishe.

Kubadilisha mpira si lazima kuvuka feri ya Likoni. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapa hapa Msambweni. Lakini ulizeni mapema, mchana, kama kituo kilicho karibu nanyi kinafanya kazi hiyo usiku. Kuuliza saa nane za usiku ni kuchelewa.

Tujadiliane kikundini:

- Nyumbani kwa mgonjwa wetu, nani mwingine anajua hatua hizi akiwa mlezi hayupo?
- Gari la usiku tutalipata kwa nani, na nauli yake tumeiweka wapi?