Semantiki ya "Wati": Nguvu na Upotoshi katika Maelezo ya Amplifaya

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza kauli mbili zinazochapishwa kwenye kasha la amplifaya, yaani kauli ya nguvu na kauli ya upotoshi, kwa nia ya kuonyesha jinsi mnunuzi anavyoweza kuzipima kabla ya kutoa fedha zake. Huenda msomaji akauliza suala hili linaihusu vipi isimu. Jibu letu ni kwamba mnunuzi aliyesimama dukani hana chombo cha kupimia. Alichonacho ni maneno na tarakimu. Akizifasiri vibaya, hasara ni yake.

Ugumu huanzia kwenye istilahi. Neno *kipaza sauti* hutumika kwa maikrofoni, kwa spika, na pengine kwa mtambo mzima. Hapa *amplifaya* ni kifaa kinachokuza ishara ya umeme, na *spika* ni kinachoigeuza ishara hiyo kuwa sauti.

2. Kauli ya nguvu

Kauli "wati 100" ni pungufu, mithili ya kitenzi elekezi kisichotajiwa yambwa. Hukamilika inapojibu maswali matano: ni kwa kila chaneli au kwa jumla? Kwa mzigo wa omu ngapi? Kwa frikwensi zipi? Kwa muda gani? Kwa upotoshi wa kiasi gani?

Kifupi PMPO, kilichozagaa kwenye redio kaseti za miaka ya 1990, hakijibu hata swali moja, kwani hakina kanuni ya upimaji iliyokubaliwa. Kifupi RMS ni afadhali, ingawa kwa hakika ni kipimo cha volteji na mkondo. Nguvu inayokokotolewa humo ni wastani. Tunapendekeza *nguvu endelevu*. Nchini Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya mwaka 1974 iliwataka watengenezaji wataje masharti ya kipimo pamoja na wati. Mwaka 2024 ilirekebishwa ili masharti hayo yawe ya namna moja.

3. Kauli ya upotoshi

Amplifaya ikipewa toni safi ya hezi 1,000, huongeza toni za hezi 2,000, 3,000 na kuendelea ambazo hazikuwamo. Kiasi cha nyongeza hiyo, kwa asilimia, ndicho upotoshi wa kiharmoni. (Neno *upotoshaji* tunaliachia tendo la mtu mwenye nia.) Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya wimbi hukatwa na asilimia hupanda ghafla.

Tuchukue mfano wa saketi TDA2030, inayojulikana sana kwa mafundi redio. Kwa mzigo wa omu 4, hutoa takriban wati 14 kwa upotoshi wa 0.5%, na wati 18 kwa 10%. Kifaa ni kilekile na umeme ni uleule. Wati 4 za ziada hazikutokana na uwezo mpya, bali na kuruhusu wimbi likatwe.

Kinyume chake, tofauti kati ya 0.01% na 0.001% haistahili kulipiwa fedha nyingi, kwa kuwa spika nyingi zenyewe hupotosha zaidi ya hapo.

4. Kukadiria thamani

Tulinganishe kauli mbili:

(a) wati 100 kwa jumla ya chaneli mbili, omu 4, hezi 1,000, 10%
(b) wati 45 kwa kila chaneli, zote zikifanya kazi, omu 8, hezi 20 hadi 20,000, 0.1%

Kauli (a) humaanisha wati 50 kwa kila chaneli. Kwa spika za omu 8 hushuka hadi karibu nusu, kwani volteji ileile husukuma nusu ya mkondo. Hivyo basi (b), yenye tarakimu ndogo, ndiyo yenye nguvu zaidi.

Aidha, kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kama maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Mara nyingi, spika yenye wepesi wa desibeli 91 badala ya 88 humfaa mnunuzi kuliko amplifaya yenye wati maradufu.

5. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba wati na asilimia ya upotoshi ni kauli moja iliyogawanywa. Kila nusu hupata maana kwa nyenzake. Wanaistilahi wasiishie kutafuta visawe vya maneno pwekepweke, bali waweke pia muundo kamili wa kauli ya kipimo. Mnunuzi naye, akiona tarakimu isiyo na masharti yake, asiihesabu katika bei.