CV Yako ya Kwanza Baada ya Kidato cha Nne: Hesabu Ziko Kwenye Simu

Mtihani wa KCSE huisha Novemba. Vyuo vikuu huanza kupokea wanafunzi wapya karibu Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Hapo katikati kuna miezi tisa hivi, na kijana wa Kitengela hawezi kukaa miezi tisa akihesabu mabati ya paa. Anatafuta kibarua: supamaketi, hadiwea, hoteli, kituo cha mafuta, duka la wakala wa pesa, ama kiwandani kule EPZ Athi River. Kila akiuliza, jibu ni lile lile: "Leta CV."

Hapo ndipo wengi hukwama. "Nitaandika nini na sijawahi kuajiriwa?" Basi wanaenda saiba, wanalipia CV ya kunakili, na wote wanatoka na karatasi zinazosema kitu kimoja: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii." Mwajiri akisoma ya tatu ameshachoka.

Katika somo hili tutaangalia mambo mawili: jinsi ya kuandika CV ya kweli hata kama hujawahi kuajiriwa, na jinsi ya kuituma bila kuibiwa pesa njiani.

CV ni nini hasa?

Kama ulisikiliza somo la Insha, unaijua kwa jina la wasifukazi. Ni karatasi inayojibu maswali matatu ya mwajiri: Wewe ni nani? Umewahi kufanya nini? Nikikuhitaji nitakupata wapi? Kwa mtu aliyetoka shule juzi, ukurasa mmoja unatosha.

Iandike kwa lugha iliyotumika kwenye tangazo. Kenya, matangazo mengi ya kazi huwa kwa Kiingereza. Mifano yetu hapa ni ya Kiswahili ili uelewe mpangilio kwanza. Kutafsiri ni kazi ndogo.

Hatua ya 1: Jina na nambari ya simu

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, si jina la mtaani. Chini yake weka nambari ya simu, barua pepe na mahali unapoishi. "Noonkopir, Kitengela" inatosha. Nambari ya ploti haihitajiki.

Nambari ya simu ndiyo mlango wa CV yako, kwa hivyo:

- Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Waajiri wengi wa vibarua hulipa kwa simu, na kabla ya kutuma pesa huona jina la mpokeaji. Jina la mjomba likitokea, malipo yanaweza kusimamishwa hadi ujieleze.
- Kama hujafika miaka 18 na laini ni ya mzazi, usifiche. Mwambie mwajiri mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mtu wa kati ya miaka 16 na 18 kuajiriwa, lakini si kwa kazi za hatari.
- Weka nambari moja tu, ile ambayo huwa hewani. Simu ya kabambe inayoshika chaji ni bora kuliko simu kubwa inayozimika kila saa sita mchana.

Sasa, mambo ya kuacha nje: nambari ya kitambulisho, picha ya kitambulisho, na bila shaka namba yako ya siri. CV hupita mikononi mwa watu wengi usiowajua. Mtu mwenye jina lako kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ana karibu kila kitu anachohitaji kujaribu kubadilisha laini yako na kuingia kwenye akaunti yako ya pesa. Kitambulisho utakionyesha siku ya kuandikwa kazi, ana kwa ana.

Hatua ya 2: Masomo

Anza na ya karibuni: jina la shule, miaka uliyosoma, na KCSE. Kama gredi yako ni nzuri, iandike. Kama haikukufurahisha na tangazo halijaiuliza, unaweza kuandika tu "KCSE" na mwaka. Lakini usibadilishe gredi hata kwa alama moja. Karatasi ya matokeo itaitishwa, na D+ ya kweli hukuacha na nafasi ya kuongea kuliko C+ ya uongo.

Hatua ya 3: Kazi ulizofanya (ndiyo, unazo)

Hapa ndipo CV ya kwanza huponea au kufa. Usifikirie "ajira". Fikiria mambo ambayo watu walikutegemea uyafanye, na yangeharibika kama hungeyafanya. Kisha jiulize: ngapi? mara ngapi? kwa muda gani?

Tuangalie mifano mitatu.

*Unachosema:* Nilikuwa nasaidia mama kwa kioski.
*Unachoandika:* Muuzaji msaidizi, kioski cha familia, Noonkopir (likizo za 2022 hadi 2024). Nilihudumia wateja, nikapokea pesa taslimu na malipo ya simu, nikafunga hesabu kila jioni.

*Unachosema:* Nilikuwa nachunga tu.
*Unachoandika:* Mtunzaji mifugo, boma la familia, Kajiado ya Kati. Nilitunza mbuzi 30, nikaweka rekodi ya waliozaliwa, waliochanjwa na waliouzwa, nikasaidia kuuza kwenye soko la mifugo la Bisil.

*Unachosema:* Nilikuwa nakusanya pesa za vijana kanisani.
*Unachoandika:* Mweka hazina, kikundi cha vijana. Nilipokea michango ya wanachama 25 kwa simu na kutoa ripoti ya mapato na matumizi kila mwezi.

Ona kwamba hakuna mahali tumeandika "mwaminifu". Mtu aliyeshika pesa za watu 25 na kuzitolea ripoti hana haja ya kujisifu. Mwenye duka la wakala anayetafuta mtu wa kumwachia floti atasoma mstari huo mara mbili.

Hesabu utazitoa wapi?

Wengi hukumbuka kazi lakini hawakumbuki idadi. Usibuni. Rekodi nyingi ziko kwenye simu tayari.

Tuseme kioski cha mama hupokea malipo kwa nambari yake. Muombe ruhusa, kisha mtoe pamoja taarifa ya miamala, ile watu huita stetimenti, ya mwezi wa likizo uliofanya kazi. Hesabu pesa zilizoingia kutoka kwa wateja. Tuseme ziliingia mara 310 kwa siku 28. Gawanya 310 kwa 28, unapata 11 na kidogo. Basi unaweza kuandika kwa ukweli: "Nilipokea wastani wa malipo 11 ya simu kwa siku, pamoja na pesa taslimu." Kama mlikuwa zamu na dada yako, gawanya kwa haki: andika "tukiwa wawili".

Kwa mifugo na michango, daftari la nyumbani, jumbe za simu na kundi la WhatsApp la kikundi hufanya kazi hiyo hiyo.

Angalizo: taarifa hiyo ni ya kukusaidia kuhesabu tu. Usiiambatanishe na CV. Ina majina na nambari za wateja ambao hawakukupa ruhusa.

Hatua ya 4: Ujuzi na lugha

Andika unachoweza kufanya kesho asubuhi ukiambiwa: kutumia kompyuta kuandika na kuhesabu, kuendesha pikipiki kama una leseni, kupokea na kurejesha malipo ya simu.

Lugha usizipuuze. Kwenye kaunti yetu, duka la dawa za mifugo Isinya au hadiwea ya Kajiado mjini hupokea wateja wanaoongea Kimaasai kwanza. Ukijua Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza, ziandike zote tatu. Ukijua Kikamba au Kikuyu, pia.

Hatua ya 5: Watu wa kuulizwa habari zako

Weka wawili: mwalimu aliyekufunza, na mtu mzima asiye wa familia aliyekuona ukifanya kazi, kama vile mchungaji, imamu, chifu au mwenye duka jirani. Waombe ruhusa kabla ya kuandika nambari zao, na uwaambie ni kazi gani unaomba. Mwalimu akipigiwa ghafla na kuuliza "nani huyo?", umepoteza nafasi.

Ikikamilika, itaonekana hivi

JINA LAKO KAMILI
Noonkopir, Kitengela | Simu | Barua pepe

*Lengo:* Kazi ya kuhudumia wateja dukani, kuanzia Januari hadi Agosti.

*Masomo:* Shule ya upili, 2021–2024, KCSE 2024.

*Kazi:* Muuzaji msaidizi, kioski cha familia. Wastani wa malipo 11 ya simu kwa siku, pamoja na pesa taslimu. Kufunga hesabu kila jioni.
Mweka hazina, kikundi cha vijana. Michango ya wanachama 25, ripoti kila mwezi.

*Ujuzi:* Kompyuta, malipo ya simu. *Lugha:* Kimaasai, Kiswahili, Kiingereza.

*Warejelewa:* Watu wawili, cheo na nambari zao.

Ihifadhi kama PDF, uiite kwa jina lako, kisha ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Siku ukipoteza simu, CV haipotei nayo.

Kuituma bila kuibiwa

Sasa tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa za wazazi huenda. Tangazo linazunguka kwenye WhatsApp au limebandikwa kwenye nguzo ya stima: kiwanda kinaajiri, hakuna uzoefu unaohitajika, nafasi ni chache. Unatuma CV. Baada ya nusu saa unapigiwa: "Hongera, umechaguliwa! Tuma pesa kidogo za usajili ili tukuwekee nafasi." Ukituma, zinaitishwa za vipimo vya daktari. Kisha za sare. Kisha simu inazimwa.

Kumbuka haya:

1. Mwajiri wa kweli hulipa mfanyakazi. Kazi inayoanza na wewe kulipa, achana nayo, hata kama ni shilingi mia mbili.
2. Ukitajiwa kiwanda cha EPZ au kampuni yoyote, ifikie wewe mwenyewe. Nenda langoni, ama tafuta nambari yao rasmi. Usitumie nambari iliyo kwenye tangazo.
3. Wakala wa ajira anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Uliza usajili wake, kisha uuthibitishe na mamlaka yenyewe.
4. Usikimbilie kulipia vyeti. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri hafai kukuitisha vyeti vya idhini, kama kile cha polisi cha mwenendo mwema, kabla hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi.
5. Anayekuomba namba ya siri, au tarakimu ulizotumiwa kwa SMS "ili tukusajili kwenye mfumo wa mshahara", ni mwizi. Kupokea mshahara kwa simu hakuhitaji namba ya siri wala tarakimu hizo.

Ikiwa tayari umetuma pesa, usione haya na usingoje kesho. Tupigie huduma kwa wateja mara moja ukiwa na ujumbe wa muamala. Pesa zikiwa bado hazijatolewa na aliyepokea, kuna nafasi ya kuzizuia. Kisha peleka habari kituo cha polisi.

Zoezi la leo jioni

Chukua karatasi. Andika mambo matatu ambayo watu walikutegemea uyafanye tangu kidato cha pili. Kando ya kila moja weka nambari moja ya kweli, iliyotoka kwenye simu, daftari au kichwa cha mtu aliyekuwepo. Hiyo mistari mitatu ndiyo CV yako. Yaliyobaki ni kupanga tu.

Mzazi, ukisoma hili, msaidie kijana kukumbuka. Saa zingine wewe ndiye unayejua ni mbuzi wangapi hawakupotea.